Hadithi Iliyosimuliwa Mchana

Nilikwenda pale ofisi ya kata mara tatu. Mara ya kwanza nilisema kwa upole, nikaambiwa nirudi Jumatatu. Jumatatu nikarudi, kitabu mkononi, kurasa nimezikunja pembe ili mtu asipate taabu ya kutafuta. Nikaambiwa mhusika yuko mkutanoni. Mara ya tatu nikamkuta. Anakunywa chai kwa andazi, na akanitazama kama mtu anavyomtazama kuku aliyeingia jikoni.

Huyu ndiye bwana anayesimamia sanduku la vitabu la kata yetu, lile la kuazimisha wananchi.

"Dada yangu," akasema, "hivi ni vihadithi vya wanyama tu. Sungura na Fisi. Wewe hukusimuliwa Sungura na Fisi ulipokuwa mdogo?"

"Nilisimuliwa. Wewe kitabu hiki umekisoma?"

"Nina sanduku zima humu ndani, ndugu."

"Umekisoma, hujakisoma?"

Akacheka. Akamgeukia mwenzake wa meza ya pili akasema, "Kina mama wakishasoma sekondari, basi sie tabu tupu."

Hapo ndipo. Nikafungua ukurasa wa kwanza niliokunja, nikasoma kwa ile sauti tuliyofundishwa shuleni ya kusomea risala mbele ya mgeni rasmi. Watu waliokuwa kwenye foleni ya barua za utambulisho wakageuka kutazama. Nikasoma pale Fisi aliyejigeuza mwanamke anapompakata mtoto wa watu, anamwimbia wimbo wa kubembeleza, huku anamla vidole, kimoja baada ya kimoja, taratibu, kama mtu anayemenya karanga. Nilipofika dole gumba yule bwana akainuka kitini.

"Dada, punguza sauti! Huoni kuna watoto hapa?"

"Ahaa!" nikamwambia. "Leo umeona kuna watoto!"

Kitabu nikakibwaga mezani kwake. Chai ikaruka. Mzee mmoja kwenye foleni akasema, "Mwache amalizie bwana, sasa imekuwaje huyo mtoto?" na watu wakacheka, na mie nikatoka nje.

Jina la kitabu sitalitaja, nisije nikamsaidia mtu kukiuza. Ni riwaya ya watu wazima, ya kutisha, na mtunzi wake anajua kazi, hilo simnyimi. Amewachukua wale wanyama wetu wa utotoni, akawavua mzaha, akawaachia njaa peke yake. Mtu mzima akitaka kutishwa kwa hiari yake, mie sina ugomvi naye. Lakini kwenye jalada wamemchora Sungura kavaa kofia, anacheka, nyuma yake shamba la mahindi. Mtunza sanduku akaona Sungura, akaona mahindi, akakipanga upande wa watoto. Hakukifungua hata ukurasa mmoja.

Mwanangu akakifungua. Tatu yuko darasa la pili na anasoma kila kitu, mpaka karatasi zinazofungiwa bizari. Alikisoma chote, siku tatu, na sie tukimsifu.

Sasa sikilizeni. Yule Fisi wa kitabuni, alipojigeuza mwanamke, alichongwa meno yakawa makali kama msumeno, na uso akachanjwa chale kuanzia paji mpaka kidevuni. Na nyumbani kwangu, mume wangu akiwa safarini Zambia na lori na mie nikiwa zamu kiwandani, anayempikia Tatu na kumwogesha ni bibi yake, mama mkwe wangu, aliyetoka Newala kuja kunisaidia. Ana meno yaliyochongwa. Ana nembo usoni, zile chale za kikwao, kuanzia paji mpaka kidevuni, kama wanawake wote wa rika lake kule kwao.

Tatu akaacha kula. Mie nilidhani ni homa. Siku ya nne nikasogeza pipa la maji uani nikakuta nyuma yake mabonge ya ugali na kisamvu, siafu wameshajenga barabara. Nikamkamata, nikamuuliza. Hakulia. Akaninong'oneza, kwa huruma kabisa, kama anayenificha msiba:

"Mama, Bibi si mtu. Imeandikwa."

Ningeweza kumchapa. Mikono ilishainuka. Kilichoirudisha ni kwamba maneno yale niliyajua. Miaka mingi nyuma niliyasema mie, mdomo wangu huu, nikiwa na umri wa Tatu, na hakuna aliyenisaidia kuyarudisha.

*

Nyie wa rika langu mliokulia Temeke mnaijua nyumba yetu hata kama hamkuwahi kuingia. Vyumba sita, korido katikati, uani jiko la kuni na choo cha makuti. Uhuru ulikuwa umekuja juzijuzi; bendera za karatasi bado zilikuwa madirishani, na ziliachwa hapo mpaka jua likazifuta rangi. Baba alikuwa kuli bandarini. Chumba kilichotazamana na chetu alipanga Mama Klemensi na mumewe, fundi wa vinyago kutoka kusini. Fundi alikuwa akichonga nyuma ya nyumba kutwa nzima, vipande vya mpingo kapangilia ukutani. Harufu yao mpaka leo naijua: vumbi la mpingo limechanganyika na kiwi ya viatu, maana vinyago vilipokamilika vilisuguliwa kiwi mpaka vikang'aa kama viatu vya polisi.

Mama Klemensi alikuwa mrefu, mcheshi, ana sauti nene. Alikuwa na meno ya kuchongwa na nembo usoni, na mie nilikuwa nimemzoea hivyo tangu nipate akili. Hata sikuwa nimeona kama ni kitu cha kuona. Ilikuwa sura ya Mama Klemensi, basi.

Aliyenionyesha ni Dada Mwajuma, binti wa mwenye nyumba. Alikuwa mkubwa kwetu, kashaanza kuvaa kanga mbili, na kila Alhamisi alasiri alitusuka nywele barazani. Siku hiyo asubuhi alikuwa amegombana na Mama Klemensi juu ya kamba ya kuanikia nguo. Sasa hivi najua kwamba mambo mawili hayo yalihusiana. Mtoto hajui. Mtoto kichwa kimebanwa katikati ya magoti ya mtu, masikio yako wazi.

"Unajua Fisi alivyoingia mjini?" Dada Mwajuma akaniuliza, anapasua mstari kwa ncha ya kitana.

Lazima niwaeleze hapa jambo moja, ingawa wengi mnalijua. Kwetu hadithi ilikuwa ya baada ya magharibi. Kwanza msimulizi aite, sie tuitikie, ndipo wanyama waanze kusema. Mchana, marufuku. Tuliambiwa anayesimulia hadithi mchana huota mkia. Tuliamini, na hatukuwahi kusikia mtu mwenye akili zake akithubutu.

Dada Mwajuma hakuita. Wala hakungoja tuitikie. Jua lilikuwa linawaka, muuza maji anapita, na yeye anasema tu, kama anayetoa habari za mtaa: Fisi alichoka kufukuzwa, akaenda kwa mhunzi akachongwa meno yapungue, akachanjwa uso mzima ili madoa yake yafichike chini ya chale, akafunga kanga, akaja Temeke kupanga chumba. Anachongoja ni nyumba yenye mwanamke aliyejifungua na kulala ndani, mgonjwa.

Mie nikapiga hesabu yangu. Hii si hadithi, maana jua limewaka. Ingekuwa hadithi, Dada Mwajuma angeota mkia. Siku mbili nzima nilimfuata nyuma nikimtazama kanga yake inavyokaa. Hakuota. Alinikemea, "We mtoto una nini na makalio yangu?" Basi. Kwa hiyo ilikuwa kweli.

Na mama yangu alikuwa amejifungua mdogo wangu Saidi wiki ileile, na homa ilikuwa imemlaza.

Mama Klemensi ndiye aliyeingia. Hakuna aliyemtuma. Alimkanda mama kwa maji ya moto, alimwogesha Saidi, akatupikia uji wa mtama wenye ndimu, akampikia na baba aliporudi kutoka bandarini. Mie kila alichonipa nilikipokea kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa, nikasema ahsante Mama, nikaenda kukimwaga nyuma ya choo. Nilikula embe mbichi na mkate niliopewa na watoto wenzangu, na wenzangu nikawaambia kwa nini. Hao nao wakaenda kwao wakasema.

Siku moja nilitoka bombani na debe langu dogo. Chumbani mama kalala. Kwenye mkeka Mama Klemensi kakaa, miguu kainyoosha, Saidi yuko mapajani, na vidole vya Saidi viko mdomoni mwake. Anaimba puani. Kisha akatema kitu pembeni.

Nyie mliozaa mnacheka tayari. Mnajua alikuwa anafanya nini. Mtoto mchanga hakatwi kucha kwa wembe. Unazing'ata kidogokidogo kwa meno ya mbele, unatema. Mie mwenyewe Tatu nimemfanyia hivyo, na siku ya kwanza nilipokitia kile kidole kidogo mdomoni nililia machozi, mume wangu akadhani nimeumwa na jino.

Lakini siku ile nilibwaga debe nikapiga ukelele uliofika barabarani. "Anamla! Fisi anamla mtoto! Anamla vidole!"

Watu wakajaa. Temeke ile mtu akipiga kelele watu hawaulizi, wanakuja na michi. Wakamnyang'anya Saidi, wakamgeuza huku na huku, wakahesabu vidole: kumi. Mtoto mzima, kashiba, kashaanza kusinzia. Ungedhani mambo yameisha. Hayakuisha. Mwanamke mmoja akasema, "Mtoto mdogo haoni uongo." Mwingine akasema, "Mie siku nyingi nilikuwa natazama yale meno." Hata vinyago vya mumewe vikawa ushahidi, maana baadhi vilikuwa nusu mtu nusu mnyama, na Wazungu walikuwa wakivinunua kwa sababu hiyohiyo.

Mama akajiinua kitandani, kashika ukuta. "Huyu ndiye aliyeniosha," akasema. "Mnasikia? Mlikuwa wapi nyie? Huyu ndiye aliyeniosha." Sauti haikufika mlangoni.

Baba yangu alikuwa mtu mwema, na alinyamaza. Mwenye nyumba alikuwa mtu wa sala tano, akasema haamini upuuzi ule hata kidogo, ila kwa ajili ya amani ya nyumba fundi atafute chumba kwingine kufikia mwisho wa mwezi. Haamini, lakini wahame! Hilo ndilo linalonichemsha mpaka leo kuliko kelele zangu. Mie nilikuwa na miaka saba. Wao walikuwa na ndevu.

Siku zilizobaki Mama Klemensi alikwenda bombani kajifunika kanga mpaka machoni. Watoto walimfuata nyuma, "Fisi, fisi, wangapi leo?" na wengine walikuwa wa baraza letu. Mie sikuimba. Msinipe sifa kwa hilo. Nilikuwa naogopa tu.

Asubuhi ya kuhama mkokoteni ulikuwa mlangoni, mpingo umefungwa kwa kamba za katani. Alinikuta nimejibanza koridoni.

"Njoo," akasema. "Usinikimbie, leo naondoka, sina nafasi ya kukula."

Nikaja. Miguu yenyewe ilikuja. Akachuchumaa, akafunua kanga, akafungua kinywa. "Tazama vizuri. Haya, tia kidole."

Nikatia. Yalikuwa meno. Yana ncha, lakini hayakukata. Kinywa chake kilinuka karafuu.

"Yaliuma?" nikauliza.

"Weee! Nililia mpaka nikatapika. Halafu nikachinjiwa kuku mzima, wangu peke yangu, nikamla mbele ya dada zangu nao wanameza mate."

"Na madoa?"

"Madoa gani?"

"Ya fisi. Yaliyo chini ya chale."

"Nani kakwambia?"

"Dada Mwajuma."

"Usiku au mchana?"

"Mchana."

"Basi ataota mkia," akasema Mama Klemensi, akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea ukuta, na mwisho wake sikujua tena kama bado anacheka. Mumewe akamwita kutoka nje. Akajifunika kanga, akaenda.

Sikumwomba radhi. Sikujua kwamba mtoto naye anaweza kuomba radhi. Niliona ni kazi ya wakubwa, na nilikuwa nangoja wakubwa waianze. Hawakuianza. Nilipopata akili ya kumtafuta nikaenda Keko kwa wachongaji, nikaulizia, nikaambiwa mara amehamia Ukonga, mara karudi kwao, mara hakuna anayemjua. Saidi sasa ni mwanaume wa ndevu, ana vidole vyake vyote kumi, na hajui ni nani aliyevitunza.

*

Kwa hiyo msinishangae. Jioni ile, baada ya kutoka ofisini, nikamkuta mama mkwe wangu chumbani anakunja kanga zake. Alishajua kabla yangu. Mtu aliyeishi na uso wake miaka sitini anajua mtoto anapomtazama vingine.

"Shikamoo, Mama. Unakwenda wapi?"

"Marahaba. Jumamosi kuna basi."

"Mama, huendi popote. Ni ujinga wa kitabu. Nitamchapa atakula."

"Umchape ili anipende?" Akaendelea kukunja. "Mwanangu, hesabu ni ndogo. Nikiwepo, hali. Nikiondoka, atakula. Mie nitakaa hapa namtazama mjukuu wangu anakonda, nangoja nini?"

"Na mimi zamu yangu?"

"Utapata mtu. Mwenye meno ya kawaida." Akacheka kidogo. Kicheko kilekile cha Mama Klemensi. Sikuweza kukivumilia, nikatoka uani.

Nikamwita Tatu. Nikamsimulia habari ya Mama Klemensi yote, bila kuficha, hata debe nililobwaga, hata uji niliomwaga. Alinisikiliza vizuri, kidole mdomoni. Nilipomaliza akakitoa kidole.

"Mama," akaniuliza, "na hiyo imeandikwa wapi?"

Hapo nikakasirika upya, lakini si kwake. Sie ndio tuliomfundisha. Kila asubuhi shuleni anaambiwa kitabu hakidanganyi. Jioni anawaona watu wazima wamekaa kwenye mabenchi na miwani ya kuazimana, wanashika chaki kwa mara ya kwanza, na taifa zima linawapigia makofi kwa sababu wamesoma neno "baba". Mie wakati wangu kilichosemwa mchana kilikuwa kweli. Wakati wake kilichopigwa chapa ndicho kweli. Atajuaje kwamba kuna mtu mzima alilipwa mshahara kufungua kile kitabu kabla yake, na hakukifungua?

Basi nikachukua daftari lake la mazoezi, nikachana karatasi mbili za katikati, nikaandika. Barua niliipeleka Alhamisi kabla ya zamu. Yule bwana hakutaka kuipokea. Nikamwambia nitaisoma kwa sauti. Akaipokea, akagonga muhuri kwenye nakala yangu. Ni hii hapa, neno kwa neno.

*

Ndugu Katibu Kata,

YAH: RIWAYA YA KUTISHA KUWEKWA KATIKA VITABU VYA WATOTO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa kata hii, mfanyakazi wa kiwanda, mama wa mwanafunzi wa darasa la pili. Nalalamika rasmi dhidi ya ofisi yako kwa kumwazimisha mtoto wangu riwaya ya watu wazima, ambamo mnyama mla watoto amepewa sura ya wanawake wa kusini: meno ya kuchongwa na nembo usoni. Mhusika amekiri mbele ya watu kwamba hakuisoma.

Madhara ni haya. Mtoto wangu hajala chakula cha bibi yake kwa zaidi ya wiki moja. Bibi yake, ambaye hajamdhuru mtu yeyote, amefunga mizigo yake arudi Newala ili mtoto apate kula.

Siombi kitabu kichomwe. Naomba kitolewe upande wa watoto leo hii. Naomba ofisi yako iandike, kwenye karatasi ya ofisi na kwa muhuri wa ofisi, kwamba mambo yaliyomo yametungwa, na kwamba mwanamke mwenye nembo ni mtu kama mama yako na mama yangu. Iandikwe kwa herufi kubwa, kwa maneno mepesi, ili msomaji wa darasa la pili aisome mwenyewe bila kusaidiwa. Mimi nimeshamwambia kwa mdomo na haikutosha.

Pia naomba mhusika aje nyumbani kwangu kesho Ijumaa saa saba mchana. Asije kujieleza. Aje akae mkekani na mwanangu, apokee sahani kutoka mkononi kwa mama mkwe wangu, na ale mpaka amalize.

Jambo hili lisiwekwe kwenye faili kungoja kikao. Basi la kusini linaondoka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, na tiketi mama mkwe wangu ameshakata.